Mdomo wa Mama Mdogo

Yale matamasha maalumu mnayoyaona kwenye televisheni siku za sikukuu, yenye mwimbaji maarufu mbele, taa za rangi juu na kwaya ya sare za vitenge nyuma, mengi hayaimbwi siku ile. Nalisema mapema kwa sababu watu hunibishia. Mwimbaji anashika maiki, anafumba macho, jasho linamtoka kweli, lakini sauti unayoisikia iliwekwa studio miezi mingi kabla, pengine miaka. Sisi mafundi mitambo tunaiita pleibeki. Si udanganyifu. Ukumbi una mwangwi, umeme unayumba, mtu anaweza kuamka na mafua, na watu wa televisheni hawawezi kurudi wiki ijayo kurekodi tena. Nimeifanya kazi hii katika nchi mbili na ninajua ninachokisema.

Diploma yangu ya teknolojia ya sauti niliipata Johannesburg. Niliondoka Mbeya na begi moja, nikavuka Tunduma, na huko nilikofika nilianza kwa kubeba spika za watu wengine mgongoni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Mchana nilibeba, jioni nilisoma, miaka mitatu, kwa Kiingereza nilichokuwa nikijifunza humohumo darasani. Leo ukifika Ilomba, hapa Mbeya, ukamuuliza hata muuza mkaa kwa fundi mitambo ni wapi, atakuonyesha geti langu. Diploma ipo ukutani sebuleni, kwenye fremu, juu kidogo ya macho ya mtu aliyesimama. Niliipima.

Mama yangu alifariki nikiwa huko. Kibali changu cha kuishi kilikuwa bado kinashughulikiwa na ningetoka nisingeruhusiwa kurudi. Nikabaki. Siku ya mazishi nilikuwa nafunga mitambo kwenye harusi ya watu nisiowajua, na niliifunga vizuri, hakuna spika iliyopiga kelele hata moja. Nimemweleza hivyo kila aliyeniuliza. Ndugu wengine wanasema nina moyo mgumu. Mimi sioni kama ni ugumu. Ni kama jino lililochomwa sindano ya ganzi: unajua lipo, ulimi unaligusa, basi.

Mama ndiye aliyekuwa akiimba solo katika kwaya ya akina mama ya usharika wetu wa Kilutheri kule Iringa. Mwaka mmoja kabla hajaugua, kwaya nzima ilipanda gari ikaja Mbeya, ikarekodi albamu moja. Alipofariki, albamu ilibaki na kwaya ilibaki. Kwa hiyo wakafanya kile ambacho kwaya nyingi za kwetu hufanya. Kila penye mkutano wa injili au jubilei, fleshi inachomekwa, akina mama wanajipanga, na mahali aliposimama mama anasimama mdogo wake, mtoto wa mwisho wa bibi yangu, ambaye mimi namwita mama mdogo. Anapewa maiki isiyowashwa. Anafungua mdomo, na sauti inayotoka kwenye spika ni ya dada yake aliyelala makaburini.

Iringa hakuna anayeshangaa. Ndani ya albamu ile kuna pia mwanamke aliyehamia Songea na mwingine aliyehamia kwa walokole, nao wanaendelea kumsifu Bwana na Walutheri kila Jumapili bila wao kujua. Kurekodi upya ni safari na mazoezi ya mwaka mzima. Albamu ikishatoka vizuri, inaachwa hivyo.

Mama mdogo alifungua mdomo hivyo kwa miaka sita.

Niliporudi nchini na kufungua ofisi, haukupita muda mrefu kabla televisheni moja ya Dar es Salaam haijatangaza kuwa itarekodi tamasha maalumu la Pasaka Iringa. Mwimbaji mkuu alikuwa mama mmoja wa injili ambaye nyimbo zake mnazijua, hata dereva wa lori pale Ipogolo anazijua. Walitaka na kwaya moja ya hapohapo iimbe wimbo wa kwaya yenyewe, naye mwimbaji aingie katikati waimbe pamoja. Ikachaguliwa kwaya ya usharika wetu. Kisha wakauliza ni nani Nyanda za Juu Kusini mwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, ya kidijitali ya chaneli thelathini na mbili na elimu ya kuiendesha. Jibu lilikuwa moja. Sikuomba kazi ile. Ilinitafuta ikanikuta Ilomba.

Nilikwenda Iringa kukagua ukumbi, nikafikia kwa baba, Kihesa. Baba ni mwinjilisti mstaafu, anakaa siku nzima mbele ya televisheni niliyomnunulia, sauti juu, kofia kichwani. Mama mdogo alikuja siku hiyohiyo, amebeba viazi kwenye ndoo.

"Kamwene, baba," alinisalimia kwa Kihehe. Kwake mimi ni baba, kwa sababu nimerithi jina la baba yake.

"Kamwene, mama."

"Nasikia wewe ndiye mwenye mitambo ya siku ile."

"Ni mimi. Angekuwa nani mwingine?"

"Haya, bwana mkubwa." Akaweka ndoo chini. "Basi nina ombi. Siku hiyo maiki yangu uiwashe."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Miaka sita, baba. Nikishuka jukwaani watu wananishika mkono, mama umeimba, mama umebarikiwa. Nasema asante. Asante ya nini? Mjukuu wangu aliniuliza, bibi, mbona nyumbani una sauti nyingine? Nikamwambia nyumbani nina baridi."

"Na uwezo unao?"

"Muulize baba yako."

Baba alipunguza sauti ya televisheni kidogo. "Huyu ndiye alikuwa na sauti," alisema. "Kwaya ilipokwenda kurekodi alikuwa anamhudumia binti yake aliyejifungua, mtoto ana wiki mbili. Ndiyo akaenda dada yake."

"Umesikia?" mama mdogo akasema. "Mimi sitaki kumtoa dada. Dada yupo kwenye albamu, atakaa humo. Mimi nataka mara moja tu, watu wasikie iliyomo humu." Akajigusa koo kwa kidole kimoja, kama anayeonyesha daktari panapouma. "Nina miaka hamsini na tisa. Televisheni haitarudi Iringa kwa ajili yangu."

Nilimwambia neno langu ni mkataba. Nilimweleza kwamba nimewashia maiki wanaume wanaojaza viwanja. Alinishukuru kwa kupiga goti kidogo, jambo lisilo la kawaida kwa mama mbele ya mtoto wake.

Alipotoka, baba alisema, macho yakiwa kwenye televisheni, "Wimbo ni ule wa albamu?"

"Ndiyo."

"Basi mama yako atasikika."

Alikuwa amesikia mazungumzo yote. 

Kwa mama mdogo kuimba, nilihitaji muziki usio na sauti ya mama ndani yake. Kwenye fleshi ya kwaya kila kitu kimechanganywa. Ukishusha sauti ya mama umeshusha na kinanda. Fundi mwingine angekata tamaa. Mimi nilimtafuta yule bwana aliyerekodi albamu. Siku hizi anauza makava ya simu Mwanjelwa, lakini kompyuta yake ya zamani ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya gunia. Tuliiwasha siku mbili. Siku ya tatu ilikubali, na wimbo ulikuwa humo, kila chombo peke yake: ngoma, kinanda, besi, kwaya. Na mama, peke yake.

Niliusikiliza ofisini Ilomba kwa hedifoni. Mama amesimama kwenye chumba cha studio, hakuna kinanda, hakuna mtu mwingine. Anakohoa kidogo kabla hajaanza. Anaimba. Kati ya ubeti na ubeti kuna kimya kirefu ambamo anasikika akigusa karatasi. Sauti safi, imerekodiwa chini kidogo kuliko inavyotakiwa. Niliusikiliza mara kumi na moja. Niliandika kwenye daftari langu: ongeza kidogo katikati, ondoa mvumo wa chini. Hicho ndicho nilichokiona. Nilisubiri kingine, hakikuja. Nikaenda kula.

Mazoezi tulifanya kanisani, Iringa, Jumamosi mbili. Akina mama walizunguka mikisa yangu kama watu wanaoangalia ng'ombe wa kisasa.

"Mzee wa Sauzi, hii mashine inasonga na ugali?"

"Inasonga, lakini ugali wa wenye diploma."

"Ee! Basi sisi wa darasa la saba tutakufa njaa."

Mwenyekiti wa kwaya, mama mnene mwenye miwani, hakucheka na wenzake. Alinivuta pembeni. "Mwanangu, mimi sina neno na mama yako mdogo. Lakini ni televisheni. Pleibeki haina mafua. Pleibeki haisahau maneno. Akiteleza, tumeteleza wote, na Tanzania nzima inaangalia."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mwenye kazi yupo.

Mama mdogo alisimama kwenye maiki, nikampa muziki mtupu. Aliimba. Sitapamba. Ni sauti nzito kuliko ya mama, ina mchanga chini yake, na inapopanda inapanda polepole kama mtu anayepanda kilima na mzigo, lakini inafika. Wanawake waliacha kupiga soga. Mmoja akasema, "Kumbe!" Basi, hilo tu, kumbe. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta.

Siku ya tamasha ukumbi ulijaa tangu saa nne asubuhi. Watu wa televisheni walikuja na kamera tano na kijana mwongozaji mwenye hedifoni shingoni, anayetembea kama sakafu inamchoma. Akanifuata kwenye mitambo.

"Injinia, kwaya ni pleibeki, sawa?"

"Kwaya inaimba laivu."

"Kaka, usinitafutie ugonjwa. Mgeni wetu mwenyewe ni pleibeki, itakuwa kwaya ya kina mama?"

"Mimi nina diploma ya kazi hii. Wewe una nini?"

"Mimi nina ratiba," alisema.

Tulibishana mpaka akaangalia saa. Mwishowe akasema nirekodi vyote viwili, maiki ya mama yule pamoja na sauti ya zamani, kila kimoja peke yake, halafu nitachagua mezani nitakapotengeneza sauti ya mwisho ya kurushwa. Kazi hiyo ya mwisho waliniachia mimi, kwa sababu walisikia ukumbi unavyolia na wakajua wako kwa nani.

Kwaya ilipanda. Niliwasha maiki ya mama mdogo, nikaipandisha mpaka alama niliyoiweka. Sauti ya mama niliiacha chini kabisa, inarekodiwa bila kusikika na mtu.

Aliimba. Ubeti wa kwanza ulitoka kama mazoezini. Kwenye ubeti wa pili alichelewa kuingia, pigo moja, akajirekebisha. Mwimbaji maarufu alikuwa aingie na maiki yake katikati ya wimbo kama ilivyopangwa. Alipanda jukwaani, akasimama kando ya mama mdogo, akamwangalia, akashusha maiki yake mpaka kiunoni, akamwacha amalize. Vigelegele vilivyopigwa vilifanya taa nyekundu ziwake kwenye mikisa, na mimi taa nyekundu kwangu haziwaki hovyo.

Aliposhuka alikuja moja kwa moja kwangu, kitenge kimelowa mgongoni.

"Imetoka?"

"Imetoka."

"Nimechelewa pale ubeti wa pili. Umesikia?"

"Nimesikia. Kidogo sana."

"Utarekebisha?"

"Ndiyo kazi yangu, mama."

Alinishika mashavu kwa mikono miwili mbele ya watu wa Dar es Salaam. Mikono yake ilinukia mafuta ya nazi.

Televisheni ilinipa siku nne. Nilirudi Ilomba, nikafunga geti, nikakaa mezani. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi na sikuisikia kwa sababu ya hedifoni. Nilianza na lile kosa la ubeti wa pili. Unakata mahali alipovuta pumzi, unasogeza mbele kidogo, unaunganisha. Dakika mbili. Nikalisikiliza, likawa safi, hata mwenyewe asingejua alichelewa wapi. Kazi ya mama mdogo ilikuwa imekwisha. Ningeweza kuituma palepale.

Badala yake nilipandisha sauti ya mama ili kulinganisha. Nikashusha ya mama mdogo. Nikaangalia picha.

Mdomo ulikuwa sawasawa. Miaka sita mama mdogo amekuwa akiufundisha mdomo wake kwa sauti ya dada yake, na hata siku aliyopewa nafasi ya kuimba kwa sauti yake mwenyewe, mdomo haukujua njia nyingine. Alivuta pumzi mahali mama alipovuta pumzi. Palepale kwenye ubeti wa pili nililazimika kusogeza sauti ya mama pigo moja nyuma, ifuate mdomo. Kwingine kote sikugusa kitu.

 Nitaandika nilichokuwa nafikiri kwa sababu nimejiahidi kuandika ukweli. Kwanza nilijiambia mambo ya kitaalamu: sauti ya studio ni safi kuliko ya ukumbi, mwongozaji atafurahi, mwenyekiti atafurahi. Halafu nilimfikiria baba na kofia yake. Lakini yote hayo ni pembeni. Nilichokifikiri hasa ni kwamba mimi sikuwa na msiba. Watu walikusanyika, wakalia, wakalala kwenye majamvi, wakamaliza tanga, wakaondoka, nami nilikuwa nafunga spika. Hedifoni, nikiwa peke yangu ofisini, zilikuwa zimeshindwa. Nilidhani sauti ya mama ikitoka kwenye televisheni, sebuleni kwake, watu wamejaa, baba yupo, basi kile ambacho hakikuja kitakuja. Nilitaka nipewe msiba wangu. Na niliona ninao uwezo wa kujipa, kwa sababu mashine ilikuwa yangu na elimu ilikuwa yangu.

Nikaizima chaneli ya mama mdogo. Nikatuma.

Asubuhi ya Pasaka niliendesha kwenda Iringa. Pale Igawa nilisimama kununua mchele wa Mbarali, na wakati muuzaji anapima niliitoa simu mfukoni. Namba ya mama mdogo ilikuwa ya pili kutoka juu. Alikuwa amenitumia ujumbe jana yake kuuliza kama avae sare ya kwaya au nguo ya kawaida, ingawa ni kuangalia televisheni tu. Nilikuwa sijamjibu. Nilirudisha simu mfukoni, nikachukua mchele.

Alivaa sare. Nilimkuta kwa baba, kwenye kiti cha mbele alichowekewa, kichwa kimefungwa kilemba kama siku ya ukumbi. Nyuma yake akina mama wa kwaya saba au wanane, majirani, watoto wamekaa sakafuni, na waliokosa nafasi wamesimama dirishani kwa nje. Televisheni ni ya inchi hamsini na tano, ilionekana mpaka barabarani.

"Leo tunakaa na msanii," jirani mmoja alisema. "Mama, kesho utatusalimia kweli?"

"Mtapanga foleni," mama mdogo akajibu, na watu wakacheka.

Saa kumi jioni likaanza. Mwimbaji maarufu aliimba nyimbo zake tatu, watu wakaimba naye. Mara kwaya ikaonekana, sebule ikapiga kelele, mtoto akapigwa kibao cha kichwa ili anyamaze. Kinanda kikaanza. Kamera ikasogea mpaka uso wa mama mdogo ukajaa kioo kizima, nikasema moyoni kamera ya tatu imefanya kazi nzuri.

Akafungua mdomo, na mama akaimba.

Baba alivua kofia. "Ndiye huyo," alisema taratibu. "Ndiye huyo."

Majirani walipiga vigelegele. Wao walimwona mama mdogo na ilitosha. Akina mama wa kwaya hawakupiga. Mmoja alisema, "Lakini hii siyo…" na mwenyekiti akamgusa goti. Mama mdogo mwenyewe, pale kitini, alikuwa ameanza kuimba chinichini pamoja na picha yake. Nilimwona midomo ikitembea, kisha ikasimama. Kwenye kioo iliendelea.

Nilikuwa nimesimama nyuma karibu na mlango, mahali ambapo ningeweza kutoka kama kingenijia kwa nguvu. Nilisikiliza. Sauti ilikuwa nzuri, ule mvumo wa chini nilikuwa nimeuondoa wote. Niliangalia mikono ya baba, imeshika kofia. Niliangalia picha ya mama ukutani. Nilikitafuta kile kitu kifuani kama mtu anavyopapasa mifuko akitafuta funguo, mfuko huu, mfuko ule. Hakikuwepo. Nilisikia njaa kidogo, kwa sababu sikula njiani.

Ubeti wa pili ukapita. Mama mdogo aligeuza shingo, akanitafuta kati ya watu mpaka akanipata.

"Pale nilipochelewa umemchelewesha na dada," alisema.

Akasimama, akasema anakwenda kuangalia wali.

Nilimfuata nyuma ya nyumba. Alikuwa amefunua sufuria, mvuke unampiga usoni, hasogei.

"Mama, kitaalamu sauti ya ukumbini ilikuwa na…"

"Usinisemeshe kitaalamu."

"Baba alitaka…"

"Shemeji aliniomba mimi?" Akafunika sufuria. "Shemeji alikaa pale akasikia nakuomba. Angeniambia, mama, niachie mke wangu siku hiyo, ningemwachia. Mara ngapi nimemwachia? Ningefungua mdomo kama siku zote, nikarudi nyumbani. Wewe uliniambia imetoka."

"Ilitoka. Ukumbi mzima ulisikia."

"Ukumbi," alisema.

"Sauti yako ninayo. Haikupotea. Nimeitengeneza safi kabisa, iko kwenye kompyuta, nitakuletea kwenye fleshi."

"Niisikilize na nani?"

 Niliahidi nitawapigia simu watu wa televisheni kwa sababu marudio yalikuwa Jumatatu. Niliwapigia palepale mbele yake. Kijana wa ratiba alipokea, akanipongeza, akasema bosi wake ameuliza fundi huyu kasomea wapi. Nilipomwambia ninataka kubadilisha sauti alicheka, akasema, "Injinia, kitu kimeshatoka vizuri, kiache." Mama mdogo alisikia, simu yangu ina spika nzuri. Akachota wali, akaanza kupanga sahani. Ya kwanza alinipa mimi.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliomba kwaya ya akina mama iimbe ule wimbo wa kwenye televisheni. Nilikuwa nimebaki Iringa kwa ajili hiyo. Nilifunga mitambo yangu bure kanisani, kitu ambacho huwa sikifanyi, nikaweka muziki mtupu, usio na sauti ya mama. Maiki ya mama mdogo niliiwasha na kuijaribu mwenyewe. Sauti ya mama niliiweka chaneli ya jirani, chini, kwa dharura. Kwenye televisheni nilikuwa nimeshindwa kurekebisha, lakini watu mia nne wa usharika wake wangemsikia, na nilifikiri hilo ni kubwa kwake kuliko kioo.

Kwaya ikajipanga. Mama mdogo alikwenda mahali pake bila kusukumwa, akashika maiki kwa mikono miwili, akaiweka usawa wa kidevu. Nilimwonyesha dole gumba, kumaanisha ipo hai. Aliniona.

Kinanda kikaja, ngoma ikaingia, mahali pa kuanza pakafika. Hakufungua mdomo. Alisimama hivyo, midomo imefungwa, anaangalia mbele juu ya vichwa vya watu, na muziki ukapita ukiwa mtupu. Kwaya iliingia kwenye kiitikio kwa woga, ikaitikia kitu ambacho hakikuimbwa. Ubeti wa pili, vilevile. Watu walianza kugeuka kuangalia mitambo, kwa kuwa kanisani kukiwa kimya kosa ni la fundi. Mwenyekiti alinipungia mkono chini ya kiuno: weka, weka! Alimaanisha mama. Kidole changu kilikuwa juu ya chaneli ile. Baba, kwenye benchi la pili, alikuwa ameinama.

Sikuipandisha. Ubeti wa tatu ukapita mtupu, kiitikio cha mwisho kikaisha, mchungaji akasema amina haraka.

Nje mwenyekiti alinijia, miwani mkononi. "Mwanangu, mitambo ilikufa?"

"Mitambo ni mizima."

"Na maiki yake?"

"Ilikuwa imewashwa."

Alinitazama, kisha akamtazama mama mdogo aliyekuwa akisalimiana na watu chini ya ngazi, akicheka na mtoto wa mtu. Akavaa miwani, akaenda zake.

Kwaya imechagua mama mwingine wa kufungua mdomo kwenye ule wimbo, mke wa mwalimu, bado anajifunza na anawahi kufunga kabla neno halijaisha. Mama mdogo amehamia mstari wa nyuma, kwa waimbaji wa sauti ya pili, ambako hawapewi maiki. Televisheni imeniita tena kwa tamasha la Krismasi, safari hii Mbeya, na nimekubali. Wamesema hawataki fundi mwingine. Nikienda Iringa mama mdogo ananisalimia, ananiuliza habari za Ilomba, ananiwekea chakula. Juzi nilimpelekea fleshi yenye sauti yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaendelea kumenya viazi.